Baba alishika mengi, nimwandikie wasifu gani?

Barua ya kwanza

Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa hapa Kirumba, nasoma safu hii tangu niko sekondari na sijawahi kuandika hata mara moja, leo nimeshindwa kukaa kimya. Baba yetu amefariki mwezi uliopita, tukamzika kwao Ukerewe, na pale makaburini baba mdogo ndo alisoma wasifu wa marehemu. Mama, ulikuwa ukurasa mmoja. Kazaliwa, kasoma mpaka la saba, kaoa, kaacha watoto 6 na wajukuu 11, "alijishughulisha na uvuvi pamoja na shughuli nyingine ndogondogo". Basi. Nikabaki nimekaa kwenye turubai najiuliza hizo ndogondogo ni zipi, maana mimi niliyelelewa naye naona hizo ndo zilikuwa baba mwenyewe.

Ni kweli alikuwa na mtumbwi wa dagaa. Lakini alikuwa pia fundi redio, watu walikuwa wanavuka na kivuko kutoka Sengerema kumletea redio za National na Philips zilizokufa na zinaondoka zinaongea. Alikuwa na kamera Yashica, ile ya kuinama unachungulia kwa juu, kapiga harusi, komunio, wavuvi wakiwa wamenyanyua sangara mrefu kuliko mtoto wa darasa la pili. Gitaa kavu alipiga. Watoto wa mtaa aliwafundisha mpira jioni, na mwenyewe alikuwa Pamba damu, ilivyorudi ligi kuu 2024 nilimuona analia mbele za watu. Isolo, lile bao letu la Kisukuma, alicheza na wazee wenzake chini ya mwembe mpaka giza linaingia. Halafu kuna kitu ambacho hata mama hakukielewa, mvua ikinyesha asubuhi yake anapima maji kwenye kopo moja la maziwa alilolitega uani, anaandika kwenye daftari, na kule ufukweni kuna jiwe amelichora mistari kwa rangi ya mtumbwi kuonyesha ziwa lilifika wapi. Madaftari ya mvua yapo 14. Lipo na daftari la wateja wa redio, na lile la mtumbwi la kugawana na vijana wake.

Sasa arobaini inakaribia na safari hii wamesema nisome mimi. Baba mdogo ameniambia nisirefushe, kaka yake alikuwa mtu wa kuanza hiki anaacha anaenda kile, mshika mawili moja humponyoka, angetulia na uvuvi leo tungekuwa na mitumbwi mitano. Kwenye msalaba wanataka waandike MVUVI chini ya jina. Na dada anataka maboksi ya nega za picha, kaseti na maredio yachomwe ili chumba kipangishwe. Mama nisaidie, naandika nini na nafanya nini na haya maboksi?

Binti wa Kirumba

Jibu

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumba nzima. Nimeisoma barua yako mara tatu na nimeipeleka kwa mzee mmoja wa Mwaloni aliyevua dagaa ujana wake wote, nikamsomea yote bila kutaja mtaa, na yeye akanyamaza kidogo akaniuliza swali moja tu: hizo redio alikuwa anatengeneza siku gani?

Hapo ndo nikaona jibu lako lilipo. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza. Wanafuata taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na mwezi ukishakuwa mkubwa mwanga unatapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo mitumbwi inapumzika. Kila mwezi iko hivyo, wiki nzima na zaidi ya mbalamwezi ambayo mvuvi wa dagaa yupo nchi kavu, analala usiku kama watu wengine na mchana mikono yake haina kazi. Wapo wanaozimalizia siku hizo kilabuni na hilo tunalijua sote tulioishi karibu na ziwa. Baba yako alitengeneza redio.

Kwa hiyo mimi siamini kabisa kwamba alikuwa anaanza hiki anaacha kile. Fanya hivi kabla hujaandika hata mstari mmoja: chukua daftari la mtumbwi na daftari la wateja wa redio uyaweke sambamba, tarehe kwa tarehe. Mwezi huzunguka kwa siku 29 au 30, na kalenda za mwezi za miaka ya nyuma zinapatikana kwenye simu. Nategemea utakuta redio zimerundikana kwenye siku zile ambazo mtumbwi haukutoka, mwezi huu, mwezi ujao, mwaka huu, mwaka unaofuata. Picha zitakusumbua kidogo kwa sababu harusi hazifuati mwezi, zinafuata Jumamosi. Lakini kazi ya kuzisafisha picha zile, kuzikata, kuziweka kwenye bahasha, hiyo inaweza kuwa iliangukia mbalamwezi vilevile. Ukikuta ndivyo, basi una kitu ambacho baba mdogo hakuwa nacho wakati anaandika ule ukurasa.

Na ile methali ina haki yake ila imepelekwa kwa mtu asiyehusika. Mshika mawili ni yule anayeyashika kwa wakati mmoja, mkono huu na mkono ule. Baba yako alishika moja, akaliweka chini ziwa lilipomruhusu, akashika jingine, na giza likirudi alikuwa mtumbwini. Hii mitumbwi mitano sijui, mwanangu. Nimeona watu wa mitumbwi mitano ikaisha yote ndani ya miaka miwili kwa mikopo na nyavu kuibiwa. Usibishane na baba mdogo lakini. Amezika kaka yake, na mtu mwenye uchungu wakati mwingine anamlaumu marehemu kwa sababu hana mwingine wa kumlaumu. Mfuate taratibu, tena mfuate na daftari mkononi, umuulize: baba, hili jiwe la ufukweni kaka yako alianza kulichora lini? Nina hakika anajua, hao walikua pamoja.

Tukae kwenye hilo jiwe kidogo maana nimeliwaza usiku. Wazee wa ziwa hili wanakumbuka mvua za 1961 hadi 1964, maji yalipanda zaidi ya mita mbili, watu wakahama mashamba na nyumba za ufukweni. Halafu 2020 ziwa likafika tena kule kule na kupita kidogo, mialo ya kushushia samaki ikazama, vyoo vikazama, sisi wote tulikuwepo tukaona. Kule Uganda wanapima kimo cha maji ya ziwa hili tangu miaka ya 1890, kwa hiyo kupima ziwa ni kazi ya heshima iliyofanywa na watu wenye ofisi na mishahara, na baba yako aliifanya kwa kopo la maziwa na rangi ya mtumbwi. Nenda na mwanao mkubwa mkaipige picha kila alama, mpime kwa futi kutoka mstari hadi mstari. Kama kuna mstari wa 2020 utakuwa miongoni mwa ya juu kabisa. Madaftari ya mvua piga picha kurasa zote, kisha nakala, narudia nakala, upeleke Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi yao iko hapahapa Mwanza, uwaeleze lile kopo lilikuwa limetegwa wapi na lina upana gani, bila hivyo tarakimu zake hazitawafaa. Ya asili yasitoke nyumbani.

Nasema hivyo kwa sababu nimeumia mwenyewe. Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi cherehani, mfuga nyuki, mwalimu wa kwaya, na mpiga picha wa mtaa. Alipofariki tukapeleka boksi zima la nega kwa studio moja mjini watusafishie zile za familia, wakatuambia tupite wiki ijayo, tukapita wiki ijayo na nyingine, studio ikafungwa, boksi hatukuliona tena mpaka leo. Miaka ishirini na kitu ya watu wa mtaa mzima, watoto wao, marehemu wao. Bado nikipita ile barabara natazama ule mlango.

Basi maboksi. Mwambie dada nimemwomba mimi, wiki tatu tu, chumba hakikimbii. Nega usizioshe na maji na usizifute na kanga, zishike pembeni tu kama unavyoshika sahani ya moto, zitoe kwenye mifuko ya nailoni maana joto letu na unyevu wa ziwa vinazigandisha, uzifunge kwenye karatasi nyeupe tupu na uziweke juu ya kabati mbali na mchwa. Kuziona huna haja ya studio. Fungua ukurasa mweupe kwenye simu moja, mwanga ukiwa juu kabisa, weka nega mbele yake usiibane kwenye kioo, piga picha kwa simu nyingine, halafu zipo programu za bure za kugeuza rangi, cheusi kinakuwa cheupe na mtu anatokea. Ile Yashica ya kuchungulia kwa juu mkanda mmoja ulitoa picha 12 tu, mwanangu, kumi na mbili, kwa hiyo hakuna hata moja aliyoipiga kwa kupoteza. Ukipata majina andika nyuma ya picha kwa penseli laini, kalamu ya wino inapenya na kuchafua mbele.

Kaseti nazo: kabla hujazicheza vunja vile vijino viwili vya juu asije mtoto akarekodi juu ya sauti ya babu yake. Izungushe kwanza kwa penseli mpaka mwisho na kurudi, tepu iliyokaa miaka inashikana. Kisha icheze mara moja tu kwenye chumba kimya simu ikiwa inarekodi pembeni, kama gitaa lake liko humo utakuwa umelipata. Redio toa betri zote maana zinavuja, na angalia ndani, mafundi wa zamani walikuwa wanabandika karatasi yenye jina la mwenye redio. Huenda kuna mtu wa Sengerema anasubiri redio ya marehemu mama yake.

Sasa wasifu wenyewe. Usisome peke yako. Nikiisoma barua yako naona kila kundi lilikuwa na baba yake: labda vijana wa mtumbwi walimjua mtu wa usiku asiyependa kelele, watoto wa mpira walimjua mtu wa kupiga mluzi na kufoka, wazee wa isolo walimjua mtu wa kufikiri robo saa kabla hajagusa kete. Ukiwauliza kwa ujumla "marehemu alikuwaje" wote watakwambia alikuwa mtu wa watu, na utarudi kwenye ule ukurasa mmoja. Nenda kwa kila mmoja na kitu mkononi. Kwa bibi harusi nenda na picha yake, kwa mzee wa isolo nenda na ubao ukae chini umwambie akuonyeshe baba alikuwa anaanzaje. Mtu akishika kitu mdomo unafuata. Chagua watano, waombe dakika tatu tatu siku ya arobaini, na wewe unasoma katikati yao, unawaunganisha.

Usianze na tarehe ya kuzaliwa, hiyo baba mdogo keshaisoma na ilikuwa sahihi. Panga kwa mwezi, kama alivyoishi. Mimi ningeanza hivi, ibadilishe utakavyo: "Giza likiingia baba alikuwa wa ziwa. Saa kumi na mbili jioni anafunga mlango wa chumba cha redio, anachukua koti lake na taa, na hatumuoni mpaka asubuhi. Mwezi ukiwaka baba alikuwa wetu, na nyumba ilijaa redio za watu." Kutoka hapo utaenda mwenyewe. Ukifika kwenye mvua waonyeshe watu lile kopo, wengi waliokuwa wanamcheka hawajawahi kuliona kwa karibu. Na usimtafutie sababu moja ya yote hayo. Isolo alicheza kwa sababu aliipenda, gitaa vilevile, si lazima kila kitu kiwe na maelezo.

Msalaba: si uongo kuandika MVUVI, ila mimi nisingeandika. Msalaba una nafasi ya neno moja au mawili, na neno lolote utakaloliweka pale litayafukuza mengine yote, miaka 50 ijayo mjukuu atasoma MVUVI na ataamini ni hilo tu. Jina na miaka vinatosha. Hayo mengine yaandike kwenye daftari la 15, ulianze wewe.

Barua ya pili

Habari mama, niko Igoma. Mwalimu wetu wa hesabu wa shule ya msingi amefariki jana. Huyu mzee zaidi ya hesabu alitufundisha drafti, kupandikiza miembe na kuogelea, wengi wetu tusingejua kuogelea bila yeye na tumekulia ziwani. Mimi si ndugu, sina hata cheo, nataka kuongea msibani ila naogopa nitaonekana najipendekeza. Naweza?

Kijana wa Igoma

Jibu

Nenda leo, usingoje siku ya kuzika. Siku ya kuzika ratiba inakuwa imeshabanwa, kuna mwakilishi wa shule, wa kanisa au msikiti, wa serikali ya mtaa, na wewe utaambiwa muda umeisha. Ukifika leo jioni weka rambirambi yako, kaa na wanaume kwenye moto, halafu mtafute msemaji wa familia umwambie kwa heshima kwamba unaomba dakika mbili kwa niaba ya wanafunzi. Mara nyingi familia inafurahi, mambo mengine ya baba yao huwa wanayasikia kwa wageni kwa mara ya kwanza.

Andika kwenye karatasi, maana machozi yatakuja. Na acha kumsifu kwa hesabu, hilo atalisema mwalimu mkuu. Wewe sema habari ya kuogelea: alisimama wapi, maji yalifika wapi mwilini mwake, alikushika wapi, alikwambia nini siku alipokuachia. Mwanza tumepoteza watu wengi majini, MV Bukoba 1996, MV Nyerere 2018 kule Ukara, karibu kila mtu atakayekuwa pale ana jina moja moyoni. Mtu aliyewatoa watoto wa Igoma kwenye woga wa maji, hilo wataondoka nalo.

Barua ya tatu

Mama wabeja kwa kazi yako. Mimi ni mjukuu, niko Nansio. Babu ana miaka 84 na yuko mzima, anajua kuunda mitumbwi, kutengeneza saa za mkono, dawa za mizizi, na hadithi za Kikerewe ambazo baba yangu mwenyewe hazijui. Nilitaka kumrekodi kwa simu akakataa kabisa, kasema mnanirekodi kwa vile mnaona nakufa. Nifanyeje?

Mjukuu wa Nansio

Jibu

Babu ana haki ya kukasirika, ulimfuata kama mtu wa redio. Weka simu mfukoni.

Nyie wa Ukerewe mna mfano wenu mkubwa kuliko wowote nitakaokupa mimi. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alikaa akaandika maisha ya Wakerewe kwa Kikerewe chenyewe, kilimo, uvuvi, ndoa, uzazi, matibabu, namna watu wanavyosalimiana na kula, akamaliza 1945. Aliyataka yabaki kwa sababu alikuwa anayaona yanaondoka. Hakupata mchapishaji wa kukitoa kitabu chake kwa Kikerewe, ikabidi akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, miaka 35 baada ya kukimaliza. Yeye akafariki 1981 kabla nakala hazijamfika mkononi. Nikiwaza hilo huwa nakosa raha, lakini kilichonishika zaidi ni kwamba hakuandika habari za mtu mmoja mwenye kazi moja, aliandika watu wanaojua kulima na kuvua na kutibu na kutega kwa pamoja. Babu yako ametoka kwenye watu hao hao. Kwao hayo hayakuwa mambo mengi, yalikuwa maisha ya mtu mzima aliyelelewa vizuri.

Kwa hiyo usimwombe akuhadithie, mwombe akufundishe. Mpelekee saa mbovu, kaa naye, shika bisibisi wewe, kosea, akusahihishe. Atasema mengi kwenye kukusahihisha kuliko angesema mbele ya simu. Jioni ukirudi chumbani andika kabla hujalala, siku hiyo hiyo, kwa maneno yake na kwa Kikerewe pale alipotumia Kikerewe. Baada ya mwezi mwonyeshe daftari. Msomee. Atakukatiza akwambie umekosea hapa na hapa, na hapo ndipo unaweza kumwomba kwa adabu kama simu ikae mezani ili usikosee tena. Akikataa, endelea na kalamu. Dawa za mizizi ziache mwisho kabisa, hizo mzee anampa anayemwamini na hazitakiwi kusambazwa WhatsApp.

Anza na mtumbwi. Wiki hii nenda naye mwaloni, mtumbwi wowote uliopinduliwa unatosha, umuulize jina la kila ubao kuanzia ule wa chini kabisa unaogusa maji, na uandike kama anavyoutamka.